Samaki Mpya wa Maji ya Chumvi Hataki Kula: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu aliyeleta samaki nyumbani, akamtilia chakula, na samaki akakitazama tu kikipita. Yanaanzia siku za mwanzo na kuishia kwenye hali zisizo za kawaida. Jambo moja linapita katikati ya yote: kabla hujabadilisha chakula, jua kwanza kwa nini hali. Samaki hukataa chakula kwa sababu ana hofu, kwa sababu hatambui kwamba alichopewa kinaliwa, au kwa sababu anaumwa. Kila sababu ina njia yake, na ukiikosea unaweza kumpangia vyakula kumi asionje hata kimoja.

## Siku za mwanzo

Nimemweka tangini jana na hajala chochote. Ni kawaida?

Ndiyo. Samaki huyo huenda ametoka mwambani, akapitia kwa mvuvi, kwa msafirishaji na kwa muuzaji wa jumla kabla ya kufika dukani, na karibu kila alipotua alibadilishiwa maji. Kabla ya safari wasafirishaji humnyima chakula makusudi ili asichafue maji ya mfuko wake. Kwa hiyo anafika akiwa na tumbo tupu, lakini mwili wake umo kwenye msongo mkubwa, na msongo ndio unaozima hamu ya kula.

Siku ya kwanza zima taa za tangi, acha mwanga hafifu wa chumba, na usisimame mbele ya kioo. Siku ya pili mjaribu kwa chakula kidogo sana. Samaki wengi huanza kudonoa ndani ya wiki ya kwanza.

Dukani alikuwa anakula vizuri. Kwangu kimebadilika nini?

Karibu kila kitu. Pale alizoea saa fulani, mkono fulani, chakula cha umbo na ukubwa fulani, na pengine alikuwa katikati ya wenzake waliomvuta kula. Muulize muuzaji alikuwa anampa nini hasa, kikiwa kimegandishwa au hai, na kwa saa ngapi. Anza na chakula hichohicho hata kama si bora, kwa maana kazi ya wiki ya kwanza ni kupata donoo la kwanza. Lishe kamili itafuata.

Na kama hujanunua bado, omba alishwe mbele yako. Samaki anayekula kwa pupa akiwa dukani amekwisha kuvuka nusu ya safari. Asiyekula, mwombe muuzaji akuwekee hadi atakapoanza.

Anaweza kukaa siku ngapi bila kula?

Inategemea ni samaki gani na alifika na akiba kiasi gani mwilini. Wawindaji wakubwa wanaokula mlo mzito na kupumzika, kama chewa, mkunga na samaki simba (Pterois), hustahimili wiki kadhaa. Wale wanaodonoa mchana kutwa, kama anthiasi, mandarini, farasi wa bahari na samaki wengi wadogo, hawana akiba ya maana, na siku chache tu zinaanza kuonekana mwilini. Samaki mnene asiyekula kwa wiki nzima ana nafuu kuliko mwembamba asiyekula kwa siku tatu. Kwa hiyo usihesabu siku peke yake. Angalia mwili.

Nitajuaje kwamba amekonda kiasi cha kuhatarisha maisha yake?

Mtazame kwa mbele na kwa juu. Tumbo lililobonyea ni ishara ya mapema na bado linaweza kurudi haraka. Ishara nzito zaidi ni nyama ya mgongoni, nyuma tu ya kichwa: ikianza kuzama hadi mgongo ukaonekana mkali kama makali ya kisu, mwili umeanza kula misuli yake wenyewe. Hapo huna muda wa kujaribu vyakula kimoja kimoja. Nenda moja kwa moja kwenye chakula hai.

Piga picha kila baada ya siku mbili kutoka pembe ileile. Jicho linalomwona kila siku halioni mabadiliko ya polepole.

## Kabla ya kugusa chakula

Nipime nini kwenye maji?

Amonia na nitriti kwanza, yaani sumu zinazotokana na uchafu wa samaki na mabaki ya chakula, na zote zinatakiwa ziwe sifuri. Amonia kidogo tu huunguza matamvua na kumkatisha samaki hamu, na hakuna chakula kitakachoshinda hilo. Halijoto iwe kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, isiyopanda na kushuka. Chumvi ya bahari ni takriban gramu 35 kwa kila kilo ya maji. pH, kipimo cha uchachu wa maji, iwe kati ya 8.1 na 8.4.

Pima pia hewa kwa macho. Samaki anayehema haraka karibu na uso wa maji hafikirii kula. Elekeza pampu ipasue uso wa maji, kisha usome sehemu ya magonjwa hapa chini.

Nilimzoesha kwa kumdondoshea maji ya tangi kwa saa tatu. Nilifanya sawa?

Kwa samaki aliyetoka duka la jirani, muda huo hauna madhara makubwa ingawa hauhitajiki. Kwa aliyesafiri saa nyingi mfukoni, ni hatari. Ndani ya mfuko uliofungwa, hewa ukaa anayoitoa hushusha pH, na pH ya chini huifanya amonia iliyojikusanya isiwe na sumu kali. Ukifungua mfuko, hewa ukaa inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka sumu huku wewe unadondosha maji taratibu. Samaki wa safari ndefu ni bora umwandalie tangi la karantini lenye chumvi inayolingana na ya mfukoni, usawazishe halijoto, ufungue na umhamishe mara moja. Chumvi utaipandisha polepole siku zinazofuata.

Namwona akijificha tu. Nimtoe?

Hapana, mwongezee maficho. Inaonekana kinyume, lakini samaki mwenye pa kukimbilia hutoka mapema zaidi kuliko yule aliye peupe. Katika tangi la karantini lisilo na mawe, vipande vya bomba la plastiki vinatosha, vyenye upana wa kumwezesha ajigeuze ndani. Funika pande tatu za tangi kwa karatasi nyeusi. Sogeza chakula hadi mlangoni kwake badala ya kumlazimisha avuke uwanja mtupu.

Wenzake wanamfukuza kila anaposogea chakulani. Nifanyeje?

Hii ndiyo sababu inayopuuzwa kuliko zote, na naamini imeua samaki wengi wanaosemekana kuwa wagumu kulisha. Mkaaji wa zamani hahitaji hata kumuuma mgeni. Kumtazama kwa ukali kila anapotokeza kunatosha kumfanya ashinde na njaa. Kaa mbali na tangi, au acha simu ikirekodi wakati wa kulisha, uone kinachotokea usipokuwepo.

Mtenge mgeni ndani ya kisanduku angavu chenye matundu kinachoning'inizwa ndani ya tangi hilohilo. Wanaonana, wanazoeana, na chakula chake hakiguswi na mwingine. Njia nyingine ni kumtoa mkorofi kwa wiki moja na kubadilisha mpangilio wa mawe kabla hajarudi, ili asikute himaya yake ilivyokuwa. Kwa kangaja (samaki wa jamii ya Acanthuridae), kioo cha kujitazamia kilichobandikwa nje ya tangi humshughulisha mwenyeji akapigana na kivuli chake.

Mwenzi mpole anayekula vizuri ni mwalimu mzuri. Samaki hujifunza kwa kuona, na kumwona mwingine akidonoa punje fulani mara nyingi humshawishi mgeni kuliko harufu yoyote.

Ni bora aanze kula karantini au tangi kubwa?

Kwa samaki wengi, karantini. Hapo hana mshindani, unaona kila anachomeza, na mabaki yanatolewa kwa urahisi. Kaa naye humo wiki nne hadi sita. Wapo wachache ambao tangi tupu huwaumiza: mandarini na chelmoni (samaki kipepeo mwenye mdomo mrefu) huhitaji mawe hai, yaani mawe ya mwambani yenye vidudu vya kudonoa. Kwa hao weka jiwe hai moja au mawili karantini, mradi usitumie dawa ya shaba humo, kwani shaba huua vidudu vya jiwe na jiwe nalo huinyonya dawa.

## Chakula chenyewe

Nianze na chakula gani?

Anza na kile kinachofanana na chakula chake cha mwambani, kwa ukubwa wa mdomo wake. Mdomo mrefu mwembamba ni wa kuchokoa mashimoni. Mdomo mpana unaofunguka ghafla ni wa kumeza windo zima. Meno madogo yaliyopangwa mstari ni ya kukwangua mwani.

Kwa samaki wengi wala nyama, ngazi yangu huwa hii: kamba wadogo wa Mysis waliogandishwa, kisha mayai ya samaki, kisha nyama ya kome au kombe iliyokatwa vipande vidogo sana, na vikishindwa vyote, atemia hai (vijikamba vya maji ya chumvi). Samaki anayezidi kukonda aanzie mwisho. Chakula cha punje kavu ni cha baadaye.

Yeyusha chakula kilichogandishwa kwenye kikombe cha maji ya tangi, kichuje, umwage ule utomvu. Unachafua maji bila kumlisha mtu.

Kwa nini kila mtu anasisitiza chakula hai?

Kwa sababu kinatembea. Samaki wengi wa mwambani hawajawahi kuona chakula kilichokufa kikielea. Wanachotambua ni mwendo wa kustukastuka wa kiumbe kidogo. Mwendo huo huwasha silika hata kwa samaki aliyejawa na hofu, na mara tu anapomeza kimoja, hamu huanza kurudi.

Kasoro yake ni lishe. Atemia aliyekomaa ana virutubisho vichache asiporutubishwa kwa mafuta ya omega-3 kabla ya kulishwa. Mtumie kama mlango. Samaki anayemtegemea kwa miezi atashiba huku akidhoofika.

Natotoleshaje atemia nyumbani?

Tumia chupa iliyopinduliwa, maji yenye gramu 25 hadi 35 za chumvi kwa lita, halijoto ya nyuzi 26 hadi 28, taa inayowaka juu yake, na mrija wa hewa unaofika chini kabisa ili mayai yasitulie. Vitoto vya rangi ya chungwa huonekana baada ya saa 24 hadi 36. Zima hewa kwa dakika kumi: maganda yataelea juu, mayai yasiyototolewa yatazama, na vitoto vitakusanyika kwenye mwanga. Vivute kwa mrija, vichuje kwa kitambaa laini, vioshe kwa maji ya bahari safi, uvilishe mapema, kwani kiini wanachozaliwa nacho huisha ndani ya saa chache na thamani yao hushuka nacho.

Usiyaingize maganda tangini. Hayameng'enywi, na yanaweza kuziba utumbo wa samaki mdogo.

Nimlishe mara ngapi, na mabaki niyaache?

Mara tatu hadi tano kwa siku, kidogo kidogo, hadi atakapotulia. Mlo mmoja mkubwa humtisha mgeni na kuharibu maji. Baada ya dakika 15 hadi 20 toa kilichobaki kwa mrija au kichujio cha mkono. Amonia inayotokana na chakula kinachooza ndiyo hiyohiyo inayomnyima hamu, na tangi dogo la karantini huharibika kwa siku moja.

Zima pampu wakati wa kulisha wale wanaodonoa kwenye mawe. Kwa anthiasi iache iendelee, maana wao hula kilicho kwenye mkondo. Kwa wenye haya, tumia sirinji isiyo na sindano iliyounganishwa na mrija mrefu mgumu, ukisukuma chakula taratibu mbele ya pua yao.

Anachukua, anatafuna, halafu anatema. Maana yake nini?

Ni habari njema. Ameanza kupima. Mara nyingi kipande ni kikubwa au kigumu, kwa hiyo kikate nusu yake. Wengine hutema na kumeza tena mara mbili tatu, na hao wanakula. Lakini anayetema kila kitu kwa siku kadhaa, huku mdomo ukiwa umevimba au haufungi, ana jeraha la mdomo. Jeraha kama hilo hutokea wakati wa kuvuliwa au kwa kujigonga kwenye kioo.

Kitunguu saumu kinasaidia kweli?

Huwavutia baadhi ya samaki kwa harufu, na wengine hawakijali. Matone machache kwenye chakula hayana shida. Kukitegemea kama tiba ya vimelea ni kupoteza siku ambazo samaki hana. Binafsi napendelea utomvu wa kome au kombe mbichi: una harufu ya bahari ambayo samaki tayari anaijua.

Amekubali atemia hai tu. Namhamishaje?

Changanya. Siku za mwanzo weka Mysis wachache waliogandishwa katikati ya atemia walio hai, ukitumia mkondo mdogo ili waliokufa nao waonekane wakitembea. Kwenye pupa ya kula atameza mmoja bila kujua. Kila baada ya siku mbili punguza walio hai. Akisusa, rudi hatua moja nyuma, si hadi mwanzo. Akishakula vilivyogandishwa kwa wiki mbili mfululizo, punje laini iliyoloweshwa kwenye maji ya Mysis inaweza kuingia kwa njia hiyohiyo. Wapo ambao hawatafika kwenye punje kamwe, na hilo si tatizo ikiwa mlo wao uliogandishwa una aina tofautitofauti.

## Wagumu wanaofahamika

Chelmoni wangu (Chelmon rostratus) anazungukazunguka mawe na hagusi chochote.

Huyo anafanya kazi yake. Mdomo wake ni wa kuchokoa minyoo na viumbe vidogo mianyani, na kipande kinachoelea katikati ya maji hakiingii akilini mwake. Mfungulie kome au kombe mbichi, ukilaze chakula hicho juu ya jiwe pamoja na ganda lake. Nyama inayotikiswa na mkondo ndani ya ganda humshinda hata aliyesusa kila kitu. Akishaizoea, jaza ganda tupu lilelile kwa Mysis na nyama iliyokatwa, naye atalifuata ganda. Au bonyeza chakula kwenye matundu ya jiwe.

Ni samaki wa subira nyingi na mwenye haya, kwa hiyo asiwekwe na kangaja au kikande wakali kabla hajazoea. Wengi humnunua ili awale Aiptasia, anemoni wadogo wa baharini wanaosumbua tangini. Huenda akawala, lakini hao si mlo wa kumweka hai.

Mandarini (Synchiropus splendidus) anaonekana anadonoa mchana kutwa. Mbona anakonda?

Anadonoa lakini hapati. Chakula chake ni kopepodi na vidudu wengine wadogo, mmoja baada ya mwingine, saa zote za mchana, na tangi jipya humaliza akiba hiyo haraka. Anahitaji tangi lililokomaa kwa miezi mingi, mawe hai mengi, na asiwepo mshindani wa chakula hicho. Pandikiza kopepodi hai mara kwa mara, na mfundishe vitoto vya atemia kwa kuvipulizia ndani ya chupa ndogo iliyolazwa kwenye mchanga, ambamo yeye pekee huingia.

Ukiweza kupata aliyezaliwa na kufugwa tangini, mchague huyo. Mara nyingi huja akiwa amezoea chakula kilichogandishwa.

Kangaja wangu anapuuza mwani.

Pengine ni kibanio anachokiogopa. Fungia kipande cha mwani mkavu usiotiwa chumvi wala mafuta kwenye jiwe kwa mpira, kiwe kinapepea kama kilichoota hapo. Jaribu rangi ya kijani, kisha nyekundu. Mwani mbichi wa Ulva au Gracilaria huwafungua wengi. Mwache na mwani mchana kutwa, maana utumbo wake umeumbwa kwa kula mfululizo. Akila Mysis usimkatalie, mradi mwani ubaki ndio msingi.

Samaki simba anataka samaki hai tu. Nimnunulie wa maji baridi?

Hapana. Samaki wadogo wa dhahabu wanaouzwa kama chakula wana mafuta yasiyofaa mwili wa samaki wa bahari, na wana kimeng'enya cha thiaminesi kinachoharibu vitamini B1. Akilishwa hao kwa muda mrefu, ini na mishipa ya fahamu huathirika. Mwanzo tumia kamba hai wadogo waliolishwa vizuri. Kisha chukua kipande cha ngisi au kamba kwenye ncha ya kijiti cha plastiki angavu, ukitikise polepole mbele yake magharibi, taa zikiwa hafifu. Mwache na njaa siku mbili kati ya jaribio na jaribio. Huyu anaweza kuhimili hilo, na njaa kidogo ni msaada. Mikono ikae mbali na miiba yake, ina sumu.

Na farasi wa bahari?

Hana tumbo la kuhifadhia chakula, kwa hiyo hula kidogo na mara nyingi, angalau mara mbili kwa siku. Anahitaji mkondo mpole na asishindane na samaki wepesi. Nunua waliozalishwa kwenye ufugaji, wanaokula Mysis waliogandishwa. Jenasi nzima ya Hippocampus iko kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na masharti hayo yalianza kutumika mwaka 2004.

Nilimweka samaki wa jenasi ya Macropharyngodon tangini, akatoweka. Amekufa?

Huenda amelala mchangani. Samaki hawa hujifukia wakiogopa na kila usiku, na mgeni anaweza kukaa chini siku kadhaa huku saa yake ya mwili ikifuata mchana wa alikotoka. Usichimbe. Mpe mchanga laini wa sentimita tano au zaidi, na kuwe na kopepodi kwenye mawe yaliyo karibu naye. Akitoka saa za ajabu, mlishe saa hizo, kisha zisogeze kidogo kidogo.

## Hofu, ugonjwa au sumu?

Nitofautishe vipi hofu na ugonjwa?

Mwenye hofu hujificha, lakini macho yake yanafuata chakula, na rangi hurudi akiwa peke yake. Mgonjwa hakitazami kabisa. Angalia kuhema kwa kasi, mapezi yaliyobanwa, kujisugua kwenye mawe na macho yenye ukungu. Chembe nyeupe kama chumvi ni dalili ya kimelea Cryptocaryon irritans. Vumbi laini mwilini, kukwepa mwanga na kuogelea kuelekea mkondo wa pampu huashiria kimelea Amyloodinium ocellatum, ambacho huua kwa siku chache. Kwa huyo tiba itangulie chakula.

Kinyesi chake ni cheupe na kirefu kama uzi. Ana minyoo?

Si lazima. Samaki asiyekula hutoa ute mtupu, nao huonekana hivyohivyo. Dalili ina uzito zaidi kwa samaki anayekula na bado anakonda. Hapo vimelea vya tumboni vinashukiwa: prazikwanteli hutumika kwa baadhi ya minyoo, na metronidazoli kwa vimelea vyenye mikia. Dawa hufanya kazi vizuri ikichanganywa na chakula. Kwa asiyekula kabisa hutiwa majini, na samaki wa bahari hunywa maji daima, hivyo sehemu yake humfikia tumboni. Mtaalamu wa mifugo anayejua samaki ndiye wa kukupa kipimo.

Aliacha kula nilipoanza dawa ya shaba.

Shaba hupunguza hamu kwa samaki wengi. Ikiwa haonyeshi ugonjwa, subiri ale kwanza ndipo umtibu. Ikiwa ni mgonjwa, pandisha kipimo polepole kwa siku kadhaa, ukikipima kila siku kwa kifaa cha kuaminika, na umpe chakula anachokipenda kuliko vyote.

Inawezekana alivuliwa kwa sumu ya sianidi?

Inawezekana kwa samaki wa mwituni wa maeneo fulani. Uvuvi huo ulianza Ufilipino miaka ya 1960 na kuenea kwingineko Asia ya Kusini-Mashariki. Samaki hulewa, hukusanywa, huonekana mzuri, kisha hudhoofika bila sababu inayoonekana, pengine hata akiwa anakula. Hakuna dawa ya kumrudisha nyuma. Unachoweza kufanya ni kuuliza asili ya samaki kabla ya kununua, na kupendelea waliozalishwa au waliovuliwa kwa wavu.

## Hali za pekee

Mkunga wangu ana wiki tatu hajala.

Akiwa mnene na anapumua sawasawa, bado ana nafasi. Mlishe usiku, kwa kipande cha ngisi kwenye kijiti, kikiguswa karibu na pua yake, maana huwinda kwa harufu zaidi ya macho. Mkunga utepe (Rhinomuraena quaesita) ni jambo jingine: wengi hawaanzi kabisa, na simshauri mtu kumnunua bila kumwona akila.

Bunju anakikimbilia chakula lakini hawezi kukila.

Tazama meno. Meno ya bunju hukua maisha yake yote, na bila maganda ya kukwangua hurefuka hadi mdomo usifunguke. Mtaalamu anaweza kuyapunguza akiwa amelazwa kwa dawa. Baadaye mpe kome, kombe na kaa wadogo na maganda yao.

Dume wa samaki kadinali wa Banggai (Pterapogon kauderni) ameacha kula ghafla, ila anaonekana mzima.

Mwangalie taya. Ikiwa limejaa na kuning'inia, amebeba mayai. Dume huyo hulea mayai na watoto mdomoni kwa wiki tatu hadi nne bila kula. Usimtibu wala kumhamisha kwa hofu. Akishawaachia, mlishe vizuri mara kadhaa kwa siku.

Naweza kumlisha kwa mrija hadi tumboni?

Kwa samaki mkubwa, mikononi mwa mtaalamu, ndiyo. Kwa samaki mdogo wa mwambani, kukamatwa na kushikwa humgharimu nguvu nyingi kuliko anachopata.

Kuna samaki ambao hawatakula hata nifanye nini?

Wapo. Oxymonacanthus longirostris na samaki vipepeo kama Chaetodon trifascialis, C. meyeri na C. ornatissimus hula polipu za matumbawe, na wengi wao hufa njaa mbele ya chakula tele. Zanclus cornutus, mla sponji, huanza kula kisha akadhoofika mara nyingi tu. Hao waachwe baharini isipokuwa kwa mwenye uzoefu na matumbawe ya kuwalisha.

Nimepita hatua zote na mgongo wake umeanza kuzama. Nimrudishe kwa muuzaji?

Mrudishe ikiwa muuzaji ana anachoweza kumpa ambacho wewe huna: tangi kubwa lenye mawe yaliyokomaa, kopepodi hai, au mfugaji mwenye samaki wa jinsi hiyo wanaokula. Piga simu kwanza, eleza kila ulichojaribu na kwa muda gani, umtumie picha zako za mfululizo. Kama hana, usimtikise kwa safari nyingine. Mwache kwenye mwanga hafifu, maji yakiwa safi, vitoto vya atemia vikiwa mbele yake asubuhi, mchana na jioni, na uendelee hivyo maadamu bado anafuata chakula kwa macho.